Mpakizi aliona, lakini nani alimuuliza?

Tulikuwa tunarudi Bukavu kutoka pori ya Shabunda, na tulikuwa tumekaa siku mbili kando ya kiwanja cha udongo tukingoja ndege. Wale wanaojua safari hiyo wanajua: barabara ikiharibika, na inaharibika kila mwaka, ni ndege tu inayotoa watu na mali kule. Siku ya tatu ndege ikatua. Ilikuwa ya mizigo, ile yenye benchi ya kukunja kwenye pande mbili, na katikati mifuko ya kasiterite imepangwa mpaka kufika magotini pa mtu. Tulikuwa watu kumi na moja. Wengine walikaa kwenye benchi, wengine juu ya mifuko, na mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na kuku ndani ya kapu.

Kijana mmoja mpakizi, umri wake labda miaka kumi na tisa, alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu. Akainuka, akamwendea yule mtu mwenye liste ya abiria, akamwambia kwa sauti ya heshima: «Mukubwa, ile kipira ya kuume imeisha, nyuzi zinaonekana. Na ile kamba ya mifuko imekatika upande moja, tumeifunga paka na kamba ya mbuzi.» Yule mtu hata hakumuangalia. Alisema: «Weye uko mekanisie? Pakia, tuende, mvua inakuya.»

Sisi wote tulisikia. Hakuna mtu alifungua kinywa. Kila mmoja alikuwa amelipa, kila mmoja alikuwa amelala inje usiku mbili, na kila mmoja alikuwa na watoto wanaomungojea Bukavu. Ndege iliruka, ikatikisika juu ya mawingu, mama mwenye kuku akaanza rozari na sisi tukamuitikia, na baadaye tukatua Kavumu. Tukashuka. Tukapeana mikono. Tukapanda basi ya kuelekea mjini.

Tunaanza na safari hiyo kwa sababu hakuna kitu kilitokea. Kama ndege ingeanguka, gazeti lingeandika, wakubwa wangekuja na mashada ya maua, tume ingeundwa. Lakini ilifika. Na kwa sababu ilifika, yule mtu wa liste alijifunza kwamba kipira chenye nyuzi kinaweza kuruka, piloti alijifunza kwamba kamba ya mbuzi inatosha, na sisi abiria tulijifunza kunyamaza. Kijana naye alijifunza jambo lake: kesho yake aliambiwa asirudi tena kwenye kiwanja.

Watu wa kazi ya ndege, duniani pote, walipata kuelewa kwamba siku kama ile ndiyo siku ya kufanya kazi, si siku ya maziko. Wanatenga mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Kuna hatari, na kuna ajali. Hatari ni kile kitu kinachokaa pale kikingoja: kipira kilichoisha, kamba iliyokatika, mlima ndani ya wingu, kiwanja kifupi, piloti aliyefanya kazi tangu alfajiri bila kula. Ajali ni siku ambayo hatari mbili ao tatu zinakutana. Mtu akingoja ajali ndipo atafute sababu, amekuja kuokota maiti. Akitafuta hatari wakati ndege bado zinafika salama, huyo anaokoa watu ambao hata hawatajua kwamba waliokolewa.

Jambo hilo si wazo la wasomi wa Kizungu tu. Limekuwa sheria. Shirika la ndege za kiraia la Umoja wa Mataifa, lile tunaloita OACI, ambalo inchi yetu ni mwanachama wake, lina mapatano yaliyotiwa sahihi Chicago mwaka 1944. Yale mapatano yana nyongeza kumi na tisa. Ile ya kumi na tisa, ambayo ilianza kutumika mwezi wa Novemba 2013, inahusu jambo hili hili: kila inchi na kila kampuni inapaswa kuwa na njia ya kukusanya habari za hatari mbele ya ajali, kuzipima, na kufanya kitu. Na ndani yake kuna neno ambalo linatugusa sisi wa sendika kuliko yote: habari ambazo mtu amezitoa kwa mapenzi yake zilindwe, ili aliyezitoa asiadhibiwe kwa kuwa amesema.

Tuwaelezee lile wazo la kutoadhibu lilitoka wapi, kwa sababu ni hadithi ambayo kila mchimbaji ataielewa.

Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya kampuni TWA ya Marekani, Boeing 727, ilikuwa inashuka kuelekea Washington, wingu na upepo vikiwa vingi. Piloti alielewa maneno ya mnara kwa njia moja, mnara uliyatoa kwa njia ingine. Piloti alidhani ameruhusiwa kushuka chini zaidi. Ndege iligonga mlima mdogo unaoitwa Mount Weather. Watu 92, wote walikufa. Walipochunguza, waligundua kitu kilichowauma roho: wiki sita tu kabla yake, ndege ya kampuni ingine, United, ilikuwa imefanya kosa lile lile, mahali pale pale, ikaponea chupuchupu. Mapiloti wake waliripoti kwa kampuni yao. Kampuni yao ikaonya mapiloti wake. Lakini wale wa TWA hawakusikia kitu. Habari ilikuwako, imeandikwa, imelala ndani ya nyumba moja, na jirani hakuambiwa kwamba njia ile ina shimo.

Baada ya hapo, mwaka 1976, Wamarekani walianzisha mahali ambapo piloti, mtu wa mnara, fundi, yeyote, anaweza kuandika: «Leo nilikosea hivi», ao «leo niliona hivi». Hawakupa kazi hiyo ile ofisi inayotoa amri na kunyang'anya leseni. Waliipa NASA, shirika lile la kupeleka watu mwezini, ambalo halina uwezo wa kumfukuza mtu kazi. Jina la mwandishi linaondolewa, habari inatangazwa kwa wote. Ukitaka mtu aseme, kwanza uondoe fimbo mkononi.

Sisi wa Bukavu hatuhitaji kupelekwa Marekani ili tujue mlima ndani ya wingu ni kitu gani. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya watu wa misaada iliyokuwa inakuja kutua Kavumu iligonga mlima upande wa Kahuzi. Watu 17 walikufa. Tarehe 12 Februari 2012, pale pale Kavumu, ndege ndogo ya kifahari ilipita mwisho wa kiwanja. Ndani yake alikufa Augustin Katumba Mwanke, mtu ambaye inchi nzima ilikuwa inajua nguvu yake, na waziri wa feza pamoja na gavana wetu wa wakati ule waliumia. Kiwanja hicho kiko kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi. Ndege inatua kwa mbio zaidi na inahitaji mwendo mrefu zaidi ili isimame, na vilevile ili iruke. Mkubwa ao mdogo, hewa ni ile ile.

Na Goma? Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulishuka ukafunika sehemu moja ya kiwanja cha ndege. Watoto walikuwa wanatembea juu ya ile lava. Kila mtu aliyepita aliona kwamba kiwanja kimekatwa. Hiyo haikuwa hatari ya kutafuta kwa darubini, ilikuwa ukuta mweusi wa mawe. Ndege kubwa ziliendelea. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa kiwanja, ikaingia ndani ya Birere, kati ya maduka na watu wa soko. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa hata na tikiti. Walikuwa wanauza, wananunua, wanapika. Kisha tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka juu ya nyumba za Mapendo mara tu iliporuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, abiria na wenye nyumba zao pamoja. Nyumba zilikuwa pale jana yake, na juzi yake. Kila piloti aliyeruka kutoka pale aliziona chini ya miguu yake.

Tunajua jibu ambalo linatolewa kila mara: «erreur humaine», kosa la piloti. Na wakati mwingine ni kweli, piloti alikosea. Lakini sisi tunaofanya kazi chini ya udongo tunajua lile neno linafanya kazi gani. Mchimbaji akifukiwa, wanasema alikuwa mzembe. Maiti haijibu. Ukishasema mtu alikosea, umefunga daftari, hakuna tena anayeuliza kwa nini kila mtu aliyekuwa mahali pake angekosea vilevile. Jibu lingine ni la kwetu sisi wenyewe: «Ni mapenzi ya Mungu.» Hatutaki kugombana na mtu juu ya imani yake, sisi pia tuliitikia rozari ile ndani ya ndege. Lakini Mungu hakufunga ile mifuko kwa kamba ya mbuzi.

Sasa tuje kwenye mifuko, kwa kuwa hapa tunaongea jambo ambalo tunalijua kuliko mapiloti.

Kasiterite inadanganya macho. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 50, uumwage, uujaze kasiterite mpaka juu: watu wawili wenye nguvu hawatauinua. Ndiyo maana tunaitia ndani ya mifuko midogo, na mfuko unaoonekana kama nusu tu unakuwa tayari na kilo zake 50 ao zaidi. Mtu asiyejua mali yetu akiangalia ndani ya ndege anaona nafasi bado ni kubwa, anasema: ongeza. Kwa maharagwe ao mafuta ya mawese, ndege inajaa kwa macho mbele ya kujaa kwa kilo. Kwa kasiterite ni kinyume: kilo zimepita zamani, na macho bado yanaona nafasi. Hii ni hatari ya kwetu, ya mali yetu. Usitegemee mtu wa Kinshasa aitambue akiwa ofisini.

Tena mfuko mzito uliolala chini bila kufungwa vizuri unateleza. Ndege ikiinua pua ili iruke, mifuko ikirudi nyuma, mkia unalemewa, na hapo piloti hana kitu cha kufanya. Inchi yetu ilishaona jinsi uzito unaohama unavyoweza kuua. Tarehe 25 Agosti 2010, huko Bandundu, ndege ndogo ya Let 410 ilianguka karibu kutua, watu 20 wakafa. Mmoja tu alipona. Kwa maelezo yake, kulikuwa mamba ndani ya begi ya abiria. Alitoka, watu wakaogopa, wakakimbilia wote mbele, na ndege ikakosa usawa. Watu wengi walicheka habari ile ya mamba, hata inje ya inchi. Sisi tunaobebwa pamoja na mawe hatukucheka sana. Abiria ishirini wanaokimbia mbele ni labda kilo elfu moja na mia tatu. Hiyo ni mifuko ishirini na sita ya kasiterite.

Na hapa kuna kitu kinachotuchoma. Mifuko ile ilipimwa! Kwenye machimbo mengi ya kwetu, tangu mpango wa etiketi za iTSCi uingie, kila mfuko unapimwa, unafungwa etiketi yenye namba, na kilo zake zinaandikwa ndani ya daftari na mtumishi wa Serikali. Mnunuzi wa Ulaya ao wa Asia anataka kujua mawe yametoka shimo gani, na kilo ngapi. Ni vizuri. Lakini ile hesabu inatembea kutoka chimbo mpaka kontwari, kutoka kontwari mpaka kiwanda cha ng'ambo, na njiani inapita ndani ya ndege bila mtu wa ndege kuisoma. Kilo zinajulikana kwa ajili ya simu ya mtu wa mbali. Kwa ajili ya mama aliyekaa juu yake, hazijulikani. Tunauliza wenye kontwari, wenye ndege na watumishi wa Serikali: ni kazi gani ngumu kuchukua ile karatasi, kujumlisha namba, na kumpa piloti mkononi mbele hajawasha mota?

Lakini tuseme ukweli yote, na sisi hatuko watakatifu. Ni nani anayempa mtu wa mizani franka kidogo ili mfuko wake wa mwisho upite? Ni sisi. Ni nani anayemsukuma mpakizi: «Ongeza huyu moja tu, kaka, niko na deni»? Ni PDG wa shimo, ni negosiyan, ni mchimbaji mwenyewe, ni bibi yake anayetuma samaki wa kavu. Tumeona mtu analia kwa sababu jina lake limekatwa kwenye liste ya ndege iliyojaa, halafu anashangilia wanapomrudisha. Miaka ya nyuma, kule Walikale, kasiterite ya Bisie ilikuwa inabebwa na ndege zilizotua juu ya barabara ya magari pale Kilambo, na watu walisema paka: hapo njo kwenye pesa. Umaskini unamfanya mtu aone kiti na asione gurudumu. Hatusemi haya ili tujilaumu bure. Tunasema kwa sababu hatari haikai kwa kampuni peke yake, na yule anayetaka kuitafuta lazima aanze pia kwenye mfuko wake mwenyewe.

Wako wataotuambia: mukisema sana, ndege zitafungwa, na Shabunda itakosa chumvi, sabuni, dawa. Hilo neno ni la kweli na tunaliheshimu. Tumeona bei ya chumvi inavyopanda wiki moja tu bila ndege. Hatuombi ndege zifungwe. Kufunga tumeshaona. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umezuia karibu kampuni zetu zote kuruka juu ya inchi zao. Wana haki ya kulinda watu wao. Lakini ile amri ya Bruksele haikubadilisha kipira hata kimoja mu Kivu. Mtu wa Ulaya alilindwa, na sisi tuliendelea kukaa juu ya mifuko. Tunachoomba ni kidogo zaidi, na labda ndiyo sababu hakuna mkubwa aliyekisikia.

Tunaomba daftari. Daftari moja kwenye kila kiwanja kidogo cha ndege, ambamo mpakizi, abiria, fundi, mama muuza ndizi, hata piloti mwenyewe, anaweza kuandika ao kuandikisha kitu alichoona. Mbuzi wanapita kwenye kiwanja kila asubuhi. Shimo limechimbika upande wa mto baada ya mvua. Mafuta yanatona chini ya bawa la kushoto. Mifuko haikufungwa. Bila jina la mtu. Kila mwisho wa juma mtu asome, aulize: hii inaweza kuua? inaweza kurudi tena? nani anaweza kuirekebisha, na kwa siku ngapi? Halafu jibu liandikwe pale pale chini, na nakala iende kwenye viwanja vingine, ili kisiwe kisa cha United na TWA, mmoja anajua na jirani anakufa.

Lile daftari lisikae kwa kampuni. Lisikae kwa mtumishi anayeweza kuligeuza kuwa faini, maana kwetu kila hatari inayoandikwa mbele ya mtu wa Serikali inaweza kuzaa «amande», na amande ikilipwa mkononi, hatari inabaki. Na tuseme bila haya: lisikae kwetu sisi wa sendika pia. Tunajijua. Tukiwa na ugomvi na mwenye ndege juu ya bei, tutajaribiwa kuchukua daftari tulitumie kama panga, na kesho hakuna piloti atakayeandika tena kosa lake. Liwe kwa mtu asiye na faida kwenye safari ile: muuguzi wa kituo cha afya, katekista, mwalimu mkubwa.

Tena tunaomba haki ya kushuka. Abiria akiona kitu na akatae kupanda, arudishiwe pesa zake ao apewe nafasi kwenye ndege inayofuata. Leo akishuka, amepoteza dola zake, na usiku mbili, na anaambiwa: «Kama hautaki, shuka, bengine beko.» Mtu ambaye hawezi kushuka bila kufilisika, kumwambia «ungekataa» ni kumchezea. Na mpakizi aliyesema asipoteze siku yake ya kazi. Kwa mwenye ndege, siku ya mpakizi ni pesa ya maji ya kunywa. Kipira kingine ni bei, tunajua, lakini ndege yenyewe ni bei gani?

Wasomaji wetu wa Kamituga na Luhwindja labda wanajiuliza kwa nini wa sendika ya migodi wamepanda ndege leo. Ni kwa sababu shimo na ndege vinaendeshwa na roho moja. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilinyesha, maji yakaingia kwenye mashimo ya Detroit, na watu wapatao 50 hawakutoka. Mvua ya mwezi wa tisa si mgeni kwetu, inarudi kila mwaka na kila mtu anaijua. Kwenye mashimo mengi ambayo tumetembelea, wa kwanza kuona dalili si PDG wala engineri. Ni kijana wa kuvuta maji anayesema maji yamegeuka rangi, ni mama mtwangaji aliyekaa chini ya mteremko ambaye anaona mawe madogo yanashuka pekee yao asubuhi. Wanasema kwa sauti ndogo, na kwa mtu mdogo kama wao. Sauti haipandi. Wenye ndege, pamoja na makosa yao yote, wana sheria iliyoandikwa inayosema sauti ile ipande. Sisi wa shimo hata hiyo hatuna, basi tuwaibie.

Mwezi uliopita tulimkuta yule kijana wa kipira. Sasa anasukuma mizigo ya maharagwe sokoni, hapa mjini. Tulimuuliza kama angekubali kurudi kule, daftari likianza, ili awe mmoja wa wale wanaoandika. Hakuuliza mshahara. Aliuliza: «Daftari italala kwa nani?» Tukamwambia: kwa muuguzi wa kituo cha afya. Akafikiri kidogo, akainua tena mkokoteni wake. «Ule muganga ni mutu muzuri,» akasema. «Lakini kalamu mulete benyewe. Kule hakunaka kalamu.»